Ni Manufaa Gani Yaliyomo Kilabuni?

Ndugu msomaji, mgeni akifika Kagondo akakaa siku mbili tatu, wenyeji hawakosi cha kumwonyesha. Kagondo ziko mbili katika mkoa wa Kagera: moja ni kata ya mji wa Bukoba, na ya pili iko wilaya ya Muleba. Mgeni wa Bukoba atateremshwa ufukoni mwa Ziwa Victoria akione kisiwa cha Musira kilivyoketi majini mbele ya mji, kisha atapitishwa kwenye kanisa kuu alimozikwa Laurean Rugambwa, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanywa kardinali, mwaka 1960. Mgeni wa Muleba ataonyeshwa hospitali ya misheni, na akitaka kutembea zaidi atapelekwa Kaboya, kwenye makaburi ya askari wetu waliokufa katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Mchana utakwisha hivyo, na kila mtu ameridhika. Lakini jua likishazama mgeni huyo atauliza swali moja, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: jioni watu hukaa wapi hapa? Jibu lake ni moja, hata kama mwenyeji ni Mwislamu na analitoa huku akiona haya. Watu hukaa kilabuni.

Wala usiniambie kuwa hayo ni mambo ya bara. Wewe msomaji wa Mombasa na Kilifi unajua mangwe ni nini, na wewe wa Tanga na Unguja unajua mgema hupanda saa ngapi na hushukia mlango wa nani. Ukienda mbali kabisa, huko Japani katika miji mikubwa kama Tokyo na Osaka, vichochoro vya karibu na steshini za reli vimejaa vijumba viitwavyo izakaya, vyenye taa nyekundu ya karatasi mlangoni. Humo watumishi wa maofisi huingia wakitoka kazini, wakala vijisahani vya samaki na kunywa, na kuyasema yale waliyoshindwa kuyasema mchana mbele ya mkubwa wao. Huko nako mgeni hupelekwa hekaluni asubuhi na izakaya usiku. Kagondo na Osaka, basi, zinamjibu mgeni jibu moja.

Sikukusudia kuandika kwamba pombe ni haramu. Jambo hilo limekwisha tangu iliposhuka aya ya 90 ya Sura ya Al-Maida, na mtoto wa chuoni analijua. Nataka tuirudie aya iliyotangulia, ile ya 219 ya Sura ya Al-Baqara, ambayo mara nyingi tunaipita mbio kwa kuwa tunajua mwisho wa safari. Humo Mwenyezi Mungu anamwambia Mtume wake (s.a.w.) awajibu wanaomwuliza juu ya ulevi na kamari kuwa mna madhara makubwa, na mna manufaa pia kwa watu, ila madhara ni makubwa kuliko manufaa. Tazama insafu ya maneno hayo! Mola aliye mjuzi wa kila kitu hakuficha kwamba yamo manufaa. Sisi waja wake ndio tunaoogopa kuyataja, tukidhani tukiyataja tutakuwa tumehalalisha.

Wafasiri wameeleza kuwa manufaa yale ni faida ya biashara na raha anayoipata mnywaji. Hayo ni kweli. Lakini mtu aliyekaa miaka mingi karibu na kilabu, akiwasikia watu wakiingia na kutoka, ataongeza la tatu, nalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yale mawili: kilabuni mtu hukaribishwa, huitwa kwa jina lake, na asipoonekana huulizwa.

Nikueleze kwanza kinachonywewa, maana wengi wa pwani hawakijui. Wahaya wana migomba ya namna nyingi katika kibanja kimoja. Iko ya kupika, na iko ya pombe, ambayo huiita embire. Ndizi hizo huivishwa, zikamenywa, zikatiwa katika gogo lililochongwa mfano wa mtumbwi, zikakandwa pamoja na majani mpaka maji yake yakatoka. Maji hayo ni matamu sana, na mtoto wa Kiislamu huyanywa bila neno. Kisha hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, gogo likafunikwa kwa majani ya migomba, na baada ya siku moja hivi yale maji yamekuwa lubisi. Asili ya lubisi haikuwa ya kuuzwa. Ilikuwa ni kitu cha kupelekewa mtawala, cha kutolea posa, cha kuwapa majirani waliosaidia kazi, cha kumliwaza aliyefiwa. Mwenye kupika pombe bila kumwita jirani alionekana mtu mbaya. Fedha ilipoingia, kilabu nacho kikaja, na kile kilichokuwa kinagawiwa kikawa kinapimwa kwa kikombe. Na wapo wanaoivukisha lubisi hiyo mpaka ikawa kali ya kuunguza koo.

Sasa fikiri. Mtu wa Kagondo aliyeshinda na jembe, au aliyekaa foleni kutwa pale hospitali akiuguza mtoto, jioni anakwenda wapi? Kilabuni kuna benchi. Kuna redio, na siku hizi televisheni ya mpira. Kuna habari za nani anatafuta vibarua, nani anauza ng'ombe, gari gani linakwenda mjini kesho alfajiri. Akifiwa, mchango wa kwanza hukusanywa hapo. Akiwa na ugomvi wa mpaka wa shamba, hapo ndipo mzee wa upande wa pili atakapomtumia mtu wa kusuluhisha. Pombe ndiyo kodi anayoilipa ili aketi. Wako wanaoilipa kodi hiyo kwa furaha, na wako wanaoilipa kwa kuwa hawana pengine pa kuketi.

Usinifahamu vibaya. Madhara yake nimeyaona, nayo hayana haja ya kutiwa chumvi. Huko Kagera kuna desturi mbaya iitwayo butura: mkulima huuza kahawa yake ingali maua, au ingali mbichi mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu anadaiwa leo na mavuno ni ya miezi ijayo. Serikali imeikataza mara nyingi, na sheria yetu ilitangulia zamani, kwani Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla hayajaonyesha dalili ya kuiva. Si kila butura inatokana na kilabu. Nyingine ni ada ya shule, nyingine ni maradhi. Lakini uliza katika vijiji utaambiwa ni ngapi zilizoanza kwa deni la vikombe. Mti umechanua, watoto wanacheza chini yake, mama anapalilia, hali ya kuwa mume amekwisha kunywa mavuno na hajawaambia. Siku ya kuchuma atakuja mtu mwingine na magunia yake. Nawe mama unayesomewa haya, pengine una habari ya nyumba kama hiyo isiyolima kahawa, ila mshahara wake umenywewa kabla haujalipwa. Manufaa ya benchi na habari za jioni, yakiwekwa katika mizani na mti ule, hayauinui.

Basi aya inasimama kama ilivyo. Ila aliyekuambia kuwa mna manufaa amekuachia kazi. Kama yale manufaa ni ya kweli, na njia ya kuyapata ni ya haramu, je, hatukupasiwa kuyatafutia njia ya halali? Au tumeona inatosha kumwambia mtu atoke kwenye benchi lile, tukamwacha amesimama njiani gizani?

Huja vijana wakaniambia: Sheikh, mimi sinywi, mimi hukaa pale na soda yangu nikatazama mpira. Nawajibu kwa lile lililofika kwetu, kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza mwenye kumwamini Mungu na Siku ya Mwisho asikae kwenye meza inayozungushwa ulevi. Jibu hilo ni sahihi, wala sina ruhusa ya kulipunguza. Lakini kijana mwenye akili huniuliza la pili: nikae wapi, basi? Hapo ndipo wengi wetu tunapokasirika, na mtu anayekasirikia swali kwa kawaida hana jibu lake. Msikiti hufungwa kwa kufuli mara baada ya Isha kwa kuogopa wezi wa mazulia na vipaza sauti. Nyumba ya mwalimu ina uchovu wake. Baba mtu yuko kitandani na simu. Serikali ilipopiga marufuku pombe za viroba kuanzia 1 Machi 2017 tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini amri huondoa kifuko mkononi. Haimtafutii mtu pa kukaa.

Wazee wetu walikwisha kulishughulikia jambo hili, nasi tunakunywa matunda ya kazi yao kila siku bila kukumbuka. Nasema juu ya kahawa. Katika karne ya 15 Masufi wa Yemen waliinywa ili wakeshe katika dhikri. Ikapanda mpaka Makka, na huko ikazua fitina. Neno lenyewe, qahwa, Waarabu walikuwa wakiliita mvinyo zamani, na hilo peke yake lilitosha kuwatia watu wasiwasi. Mwaka 1511, sawa na mwaka 917 wa Hijra, Makka ilikuwa chini ya masultani wa Misri, na msimamizi wao huko aliitwa Khair Beg. Husimuliwa kuwa usiku mmoja aliwakuta watu karibu na Msikiti Mtakatifu wamekusanyika na taa, na walipomwona wakaizima. Akauliza wanakunywa nini, akaambiwa. Akawakusanya maulamaa, wakaletwa matabibu wawili wakashuhudia kuwa kinywaji kile kina madhara. Na husimuliwa kuwa mtu mmoja katika baraza ile alitaka kuwaunga mkono, akasema kahawa inalevya sawasawa na mvinyo. Watu wakacheka, kwani angejuaje kama hakuvionja vyote viwili? Maskini yule akaadhibiwa kwa ushahidi wake mwenyewe. Kahawa ikaharamishwa, magunia yakachomwa moto njiani, na waliokutwa nayo wakapigwa.

Habari ikafika Cairo kwa Sultani Qansuh al-Ghawri. Jawabu iliyorudi Makka haikukubali kukiharamisha kinywaji. Ilichokataza ni mikusanyiko yenye mambo maovu ndani yake. Tafadhali simama kidogo hapo. Khair Beg aliona taa, watu na vikombe, akadhani vyote ni kitu kimoja. Cairo ikavitenga: kikombe kina hukumu yake, na kikao kina hukumu yake. Sisi leo tuko upande wa pili wa mlango ule ule. Kilabuni kikombe ni haramu bila shaka yoyote. Lakini kule kuketi, kuulizana hali, kusuluhishana na kuchangiana, hukumu yake ni nini? Mambo hayo yenyewe yanaelekea zaidi kuwa ibada kuliko maasi, na jirani wa kilabu anayafanya zaidi kuliko jirani wa msikiti. Linaniuma kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyo.

Hii kahawa, baada ya kuhalalishwa na wengi, ndiyo iliyotujengea sisi watu wa pwani mabaraza yetu. Dele la shaba juu ya makaa, vikombe vikigonganishwa, kashata, bao, na habari za meli. Mtu aliketi kwa bei ya kikombe kimoja, au bila ya bei. Mwenye nyumba alijenga baraza la mawe nje ya mlango wake kwa ajili ya makalio ya wapita njia, wala hakuona ajabu. Tembea leo katika mitaa mipya ya miji yetu uone ni nyumba ngapi zina kiti cha kukaliwa na jirani. Kuna ukuta, kuna lango la chuma, na juu ya ukuta kuna vigae vya chupa. Kisha tunastaajabu kuwa vijana wamekwenda mangweni. Kagondo haikuwa na baraza la mawe, sisi tulikuwa nalo tukalibomoa. Sijui nani kati yetu atakuwa na hesabu ngumu zaidi.

Tena jambo la ajabu ni kuwa nchi ya Kagondo ndiyo nchi ya kahawa. Mibuni imesimama katikati ya migomba tangu kabla Mjerumani hajafika, na kiwanda cha TANICA cha kahawa ya unga kiko Bukoba palepale. Wahaya wana namna yao ya kuitumia isiyohitaji hata birika: huchuma buni changa, huzichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, huzianika, na huzitafuna. Huziita akamwani. Mgeni akiingia nyumbani, kabla hajaulizwa kilichomleta, huletewa buni hizo akatafuna moja mbili. Zamani katika nchi hizi za Ziwa, watu wawili waliotaka kuwa ndugu waligawana buni mbili za tunda moja, pamoja na damu ya kuchanjana. Damu hatuipokei katika dini yetu. Lakini buni mbili zilizolala katika ganda moja ni kitu cha kutafunwa na kila mtu, Mwislamu na Mkristo, na haimtoi mtu akilini. Desturi ya halali ya kumkaribisha mtu ipo katika kila nyumba ya Kagondo, imekaa ndani ya kikapu kidogo, na inangoja kutolewa nje uani saa ambayo watu wanaanza kutafuta pa kukaa.

Linabaki jambo la embire, nalo ni gumu kwa kuwa limegusa mfuko. Wako Waislamu wema, wenye kuswali safu ya mbele, ambao hawajaonja lubisi tangu kuzaliwa, lakini migomba ya embire iko kibanjani mwao na mikungu yake wanaiuza kwa wapikaji. Watasema: mimi nauza ndizi tu. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, kumwuzia zabibu mtu unayejua kwa yakini kuwa atazikamua mvinyo ni haramu, na ukidhania tu ni makuruhu. Na embire, ndugu yangu, hununuliwa kwa kazi gani nyingine? Mwaka 2006 maradhi ya mnyauko wa migomba yaliingia Muleba, na migomba ya pombe ilikuwa miongoni mwa iliyoumia mno, kwani wadudu wanaofuata maua yake hubeba ugonjwa toka shina hadi shina. Watu wengi waling'oa, na aliyeng'oa alilazimika kuchagua atapanda nini pale pale. Nafasi kama hiyo ya kuchagua upya haimjii mkulima mara mbili.

Mwenye kilabu naye mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi ni mjane. Majirani Waislamu hupita mbele ya mlango wake wakigeuza uso. Ni rahisi kugeuza uso, na mwenye kugeuza huona amefanya kitu. Lakini mwanamke huyo ana haki ya jirani juu yetu, na haki hiyo haikuandikiwa kuwa ni ya wacha Mungu peke yao. Ukikaa naye ukamsikiliza, hatakubishia habari za dini. Atakuambia ana watoto watatu shuleni, na kwamba maji ya ndizi yasiyochacha hawezi kuyauza kwa kuwa hayalali: akiyaacha mpaka kesho yamekuwa pombe yenyewe, apende asipende. Maneno hayo ni ya kweli, na ni maneno ya biashara, kwa hiyo yanataka jawabu la biashara. Bidhaa isiyolala inataka wanunuzi wa siku ile ile, waliokusanyika mahali pamoja, kwa saa inayojulikana. Sisi tunao watu kama hao. Wanatoka kuswali Magharibi, na kabla ya Isha wana karibu saa nzima wasiyojua waipeleke wapi. Weka mkeka uani kwa msikiti, weka taa, weka kikapu cha akamwani, mruhusu kijana alete redio yake asikilize mpira, na mwambie mama yule alete ndoo moja ya maji ya ndizi aliyoyakamua baada ya Alasiri. Ikifika adhana ya Isha ndoo itakuwa tupu, na yale maji hayatakuwa yamepata muda wa kuwa pombe.